Samaki yupi atakula mwani wa tangi langu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina tangi la kioo sebuleni, Tabata: urefu sentimita 90, upana 35, kimo 40. Lina miezi mitano. Ndani wamo samaki malaika wawili na plati sita. Natumia maji ya kisima, ndiyo hayohayo yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Mwani umetushinda. Kioo kinateleza kijani, kuna vidoa vigumu kama rangi ya mlango, na kwenye mdomo wa filta pameota manyoya meusi. Taa tunawasha asubuhi, tunazima tukienda kulala. Dukani nimeonyeshwa samaki wawili "wasafishaji": pleko mdogo wa madoa, na mwingine wa njano anayeng'ang'ania kioo. Nichukue yupi, na wangapi?

Jibu: Marahaba. Hao wawili waache dukani. Kwa ukubwa wa tangi lako, na kwa joto na maji ya Dar, wanaokufaa ni konokono wa nerita watano na pleko mwenye ndevu mmoja. Na hao wasiingie kabla ya wiki tatu kupita, kwa sababu mwani wa namna yako una kazi ambayo hakuna samaki atakayekufanyia.

Kwanza hesabu. 90 × 35 × 40 ni lita 126 tangi likijaa hadi ukingoni. Ukitoa changarawe, mawe na nafasi ya juu, maji yenyewe ni lita 100 hivi. Tumia hiyo 100 unapopima dawa na unapohesabu samaki.

Pleko wa madoa anauzwa akiwa na urefu wa kidole, na hapo kweli anakwangua kioo kutwa nzima. Shida ni kwamba akipata nafasi na chakula anafika sentimita 30, wengine 40 na zaidi, na tangi lako lina upana wa 35: hataweza hata kugeuka. Jinsi anavyokua ndivyo anavyoacha mwani na kungoja chakula cha wenzake, huku akitoa choo kirefu kama uzi. Choo hicho kinageuka amonia, amonia inageuka naitraiti, kisha naitreti, na naitreti ndiyo mbolea ya mwani. Kwa hiyo unamnunua apunguze mwani, baada ya mwaka anaulisha. Wengi wakifika hapo humwaga samaki mtoni. Tafadhali usije ukafanya hivyo Msimbazi wala kwenye bwawa lolote. Jamii hii imeshamea porini huko Florida na Mexico, na madume huchimba mashimo ya kutagia kwenye kingo za mifereji mpaka kingo zinamomonyoka.

Yule wa njano karibu hakika ni mla mwani wa Kichina, Gyrinocheilus aymonieri. Jina ni la biashara tu, kwani kwao hasa ni mito ya Thailand, Laos na Kambodia. Utamtambua ukimtazama akiwa amebandika mdomo kwenye kioo: juu ya shavu ana tundu dogo linalofunguka na kufunga harakaharaka. Samaki wengine huvuta maji kwa mdomo. Huyu mdomo umeshika jiwe, kwa hiyo anavutia maji hapo juu. Akiwa mdogo anafanya kazi nzuri. Akifika sentimita 10 hivi anakuwa mkorofi, anafukuza kila anayekatiza, na anajifunza kwamba utelezi wa ngozi ya samaki una lishe kuliko mwani. Anaowapenda ni samaki wenye ubavu mpana na mwendo wa polepole, yaani malaika wako hasa. Utaona viraka vya duara ubavuni magamba yakiwa yamechubuka, kisha ukungu mweupe unaingia hapo. Anafika sentimita 25.

Sasa tuutazame mwani wenyewe, maana neno "mwani" ulilotumia limefunika vitu vitatu, na kila kimoja kina mlaji wake au hakina kabisa.

Ule utelezi wa kijani kwenye kioo ndio rahisi. Pleko mwenye ndevu, nerita, samaki wadogo waitwao oto, hata plati wako wanaudonoa. Vidoa vigumu ni habari nyingine. Mdomo wa samaki hauving'oi. Nerita peke yake ndiye mwenye ulimi wa meno unaoweza, naye polepole. Vidoa hivi hupenda taa kali ya muda mrefu. Manyoya meusi si mwani wa kijani bali ni wa jamii ya mwani mwekundu, japokuwa kwa macho ni mweusi au kijivu. Huota mahali maji yanapopita kwa kasi yakiwa yamebeba uchafu, ndiyo maana umeuona kwenye mdomo wa filta kwanza. Ukiwa hai, samaki karibu wote wanaupita. Anayeula kwa hamu ni mla mwani wa Siamu, jamii ya Crossocheilus, tena akiwa kijana. Huyo anafika sentimita 15, ni muogeleaji wa mbio na mrukaji, na tangi la sentimita 90 linambana. Ukipata la 120, mfikirie. Ukimtafuta, angalia mstari mweusi wa ubavuni: kwa yule halisi unapita mpaka ncha ya mkia, na mapezi hayana rangi. Mstari ukikomea kabla ya mkia, unauziwa mwingine.

Kuna mwani wa namna mbili hujautaja, lakini ukija usiununulie samaki. Maji yenyewe yakigeuka kijani kama mchuzi wa mlenda, hizo ni chembe zinazoelea, na hakuna samaki wa tangini anayezichuja. Na ukiona blanketi la kijani kibichi chenye ubuluu, linabanduka vipande vizima na kunuka udongo wa mtaroni, hao ni bakteria na hakuna anayekula. Yote mawili hutibiwa kwa giza: funika tangi kwa blanketi siku tatu hadi nne bila kuchungulia, pampu ya hewa ikifanya kazi usiku na mchana, kisha nyonya mabaki na ubadilishe nusu ya maji.

Huenda umesikia oto wakisifiwa, wale wadogo wa sentimita 4. Sifa ni za kweli, ila si kwa Dar. Wanataka nyuzi 22 hadi 26, na maji ya tangi sebuleni kwako kati ya Januari na Machi huweza kufika 29 au 30. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, na oto wengi hufika dukani wakiwa wamekonda kwa njaa ya safari. Msomaji wa Arusha angenunua sita kwa raha, tangi likiwa limekomaa miezi minne. Wewe ungekuwa unawanunulia kaburi.

Kazi ya wiki hizi tatu ni hii.

Taa ndiyo ya kwanza. Kutoka asubuhi hadi kulala ni kama saa 15. Mimea ya tangini inatosheka na 6 au 7. Nunua taima ya soketi na uiweke iwashe saa 11 jioni, izime saa 5 usiku, ili tangi ling'ae wakati watu wako nyumbani. Mchana mwanga wa sebule unawatosha samaki. Kama jua la dirisha linafika kwenye kioo hata saa moja tu, sogeza pazia au bandika karatasi ya manila upande huo. Watu hupunguza taa wakasahau dirisha, kisha wanalaumu samaki.

Siku hiyohiyo kwangua kioo kwa wembe mpya, ukiulaza kama nyuzi 45, kutoka chini kwenda juu. Usiguse gundi ya silikoni kwenye pembe. Ukiichana, tangi litavuja. Changarawe isiingie kati ya wembe na kioo, maana punje moja inaacha mchoro usiofutika. Kisha badilisha nusu ya maji kwa mpira wa kunyonya, ukiuchomeka ndani ya changarawe. Wiki ya pili na ya tatu badilisha asilimia 30. Sifongo la filta lisuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba, kwa sababu klorini inaua bakteria wanaokusafishia amonia.

Manyoya meusi yanataka dawa ya famasi: haidrojeni peroksaidi. Soma chupa kwanza. Ikiandikwa asilimia 3, au vol 10, ndiyo hii ninayoipimia. Ikiwa asilimia 6, au vol 20, tumia nusu ya vipimo hivi. Zima filta, maji yatulie. Vuta ml 20 kwa bomba la sindano lisilo na sindano (kwa lita 100, hizo ml 20 ndizo kiasi cha siku nzima), kisha mwagia polepole moja kwa moja juu ya manyoya. Yatatoa povu la vipovu vidogo. Ngoja dakika 10, washa filta. Rudia kesho yake kama kuna sehemu hukufika. Mdomo wa filta ukiweza kuuchomoa, usihangaike: utoe, uusugue kwa mswaki wa zamani nje.

Hapa ndipo samaki wanapoingia kazini. Baada ya siku mbili au tatu manyoya yaliyopata dawa yanageuka waridi, kisha meupe. Hiyo ni dalili kwamba yamekufa, na yakifa plati ambao jana waliyapita wataanza kuyanyofoa. Samaki mla mwani ni wa kumalizia na kuzuia usirudi. Wa kuanzia ni mkono wako.

Lipo jambo moja kuhusu kisima chako ambalo duka halitakuambia. Nunua karatasi za kupimia naitreti, upime maji ya tangi na pia maji ya kisima yenyewe kabla hayajaingia tangini. Visima vifupi vya mjini vilivyo karibu na mashimo ya vyoo mara nyingi vinakuwa na naitreti tayari. Tuseme tangi linasoma 80 mg kwa lita na kisima kinasoma 0: ukibadilisha nusu unapata 40, ukirudia nusu unapata 20, na hapo ndipo tunapopataka. Lakini kisima kikisoma 40, hata ubadilishe maji kila siku tangi halitashuka chini ya 40, na utakuwa unamwagia mwani mbolea kwa ndoo. Dawa yake ni kuchanganya na maji ya mvua, nusu kwa nusu. Mvua ya kwanza ya msimu iache ioshe bati, kinga ya siku zinazofuata. Mchanganyiko huo malaika wataupenda na plati hawatalalamika. Ukitia maji ya bomba badala ya kisima, yatie dawa ya kuondoa klorini kabla ya kuyamimina.

Wiki ya tatu ikiisha, leta nerita watano. Ugumu wa maji yako, uleule unaoweka ukoko kwenye birika, kwao ni neema: chokaa hiyo ndiyo gamba lao. Kwenye maji laini magamba huliwa na mashimo meupe. Wanatambaa mpaka nje, kwa hiyo tangi liwe na kifuniko. Ukimwona amelala chali, mgeuze, wengine hawawezi kujiinua. Watataga mayai meupe kama ufuta kwenye mawe na kioo, magumu kubandua, ila hayataanguliwa, kwani watoto wao wanahitaji maji yenye chumvi. Wapo ndugu zao kwenye miamba ya pwani yetu na kuna watu huwaokota Coco Beach. Hao ni wa baharini, kwenye maji ya kisima watakufa na kuyaozesha.

Konokono wa bwawani, ziwani au mferejini usiwaguse kabisa, hata wawe wazuri vipi. Baadhi ya jamii zao, Biomphalaria na Bulinus, ndizo zinazobeba kichocho. Konokono mmoja aliyeambukizwa anaachia vimelea majini, nawe unaingiza mkono mpaka kwapani kukwangua kioo. Mimea iliyong'olewa bwawani inabeba konokono wachanga na mayai yao, kwa hiyo nayo iache ilipo.

Wiki moja baadaye mlete pleko mwenye ndevu, jamii ya Ancistrus. Anakomea sentimita 12 hadi 15. Chukua mmoja tu: madume wawili watapigania pango moja, na dume na jike watakujazia watoto. Chagua wa sentimita 4 hadi 6. Mwombe muuzaji asimguse kwanza. Subiri abandike tumbo kwenye kioo, umwangalie kutoka mbele. Tumbo liwe limejaa au angalau bapa. Likiwa limeingia ndani kama kijiko, au macho yamezama, amekaa na njaa muda mrefu na huenda asipone hata ukimlisha. Ndevu usizitafute kwenye umri huo. Huanza kuota puani kwa madume baadaye, majike wanabaki nazo fupi sana au hawana.

Nyumbani weka mfuko uelee dakika 20, kisha ongeza kikombe cha chai cha maji ya tangi kila dakika 5 mpaka maji ya mfukoni yawe mara mbili ya yalivyokuwa, umtoe kwa wavu. Maji ya dukani usiyamimine tangini. Kama una ndoo ya pili yenye hewa, mweke humo wiki mbili kwanza. Ugonjwa wa madoa meupe huingia na mgeni. Ukija kuutibu, soma kama dawa ina shaba, kwa sababu shaba itawaua nerita wote.

Mpe pango la kujificha, kipande cha bomba au nusu ya kifuu kilichochemshwa, na gogo la kukwangua, kwa kuwa anakula nyuzinyuzi za mti pamoja na mwani. Mti uwe mgumu, mkavu kabisa, uchemshwe saa moja au mbili. Msonobari na mkaratusi hapana: utomvu na mafuta yake ni sumu. Maji yakiwa na rangi ya chai ya rangi siku chache, usihofu.

Joto analivumilia hadi 28, na 29 kwa muda kama hewa ni nyingi. Pampu ya hewa isizimwe usiku. Siku za Februari elekeza feni ndogo kwenye uso wa maji, kifuniko kikiwa wazi kidogo. Itashusha nyuzi mbili au zaidi. Maji yatapungua kwa kuvukizwa, na hapo jazia maji ya mvua, si ya kisima, kwani chumvi na chokaa hazivukizwi, zinabaki na kurundikana. Umeme ukikatika mara kwa mara mtaani kwenu, pampu ya hewa ya betri ni ununuzi wa maana kuliko samaki wa tisa.

Kosa linaloua pleko wengi ni lile la kudhani kwamba mla mwani halishwi. Ukishafanikiwa, kioo kitakuwa safi, na yeye hatakuwa na kitu. Mara tatu kwa wiki, taa ikishazimwa, mpe jani moja kubwa la mchicha lililochovywa maji ya moto dakika moja, au kipande cha tango kinene kama kidole, kilichochomwa kwenye uma wa chuma cha pua ili kizame. Asubuhi toa mabaki. Mboga iliyolala siku mbili inaoza na kurudisha naitreti yote uliyohangaika kuitoa. Upande wa pili, chakula cha malaika na plati kiwe kile kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku, na siku moja kwa wiki wasile kabisa. Tangi likiwa na vipande vinavyozama kila saa, hakuna mla mwani atakayekwangua kioo wakati pilau iko chini.

Ukikosa nerita, badala yao chukua samaki aina ya moli watatu, dume mmoja na majike wawili. Wanapenda maji magumu na ya joto kama yako, wanachuna utelezi na nyuzi laini, na watoto wao malaika watawapunguza wenyewe. Vidoa vigumu basi vitabaki kuwa kazi ya wembe, mara moja kila wiki mbili.

Na kama kuna atakayekushauri umtie mbuna wa Ziwa Nyasa au mmoja wa wale wakwanguaji wa Kigoma kwa kuwa kule ziwani wanaishi kwa kula mwani wa miambani: ni kweli wanaukwangua vizuri kuliko wote niliowataja. Lakini ni wagomvi wa eneo, mapezi marefu ya malaika hayatamaliza wiki, na hao wanatakiwa kujengewa tangi lao wenyewe.

Wiki ya sita angalia mdomo wa filta. Manyoya mapya yakionekana pale pale na taa ni saa 6, sifongo limejaa: lisuuze kila wiki mbili badala ya kila mwezi. Vidoa vikirudi kwenye kioo cha upande mmoja tu, kashike kioo hicho kwa kiganja saa nne asubuhi. Kikiwa na joto, jua linakipata.